TUKISHAMALIZA KUZAA

Maneno ya mwanachama mwenzetu, muuguzi mkunga mstaafu, katika mkutano wa maadhimisho ya miaka kumi ya kikundi

  

Kamati ya maandalizi ilinipa dakika ishirini na kichwa cha habari kisemacho "Afya ya Mama na Maendeleo". Kwa ruhusa ya Mwenyekiti nimekipunguza. Afya ya mama ni pana kama msitu wa Magamba, ukiingia bila njia unapotea. Nitasema jambo moja tu. Mwanamke aliyekwisha kuzaa watoto aliowataka, akasema sasa basi, afanye nini kuanzia siku hiyo hadi siku atakapokoma hedhi? Mwanamke wa miaka 35 bado ana miaka kumi na tano mbele yake, pengine zaidi, ambayo anaweza kushika mimba. Ni muda mrefu kuliko umri wa kikundi hiki tunachokisherehekea leo.

Tena nitasema hasa na wale wasiotaka, au wasioweza, kutumia dawa zenye vichocheo, zile wataalamu wanazoziita homoni: vidonge, sindano na vijiti vya mkononi. Wao huambiwa hakuna kilichobaki. Kipo.

Najua kuna anayejiuliza: hiki ni chama cha kuweka na kukopa, habari za uzazi zimeingiaje? Jamani, mimi nimeshika ufunguo mmoja kati ya tatu za sanduku letu kwa miaka minne. Nimeona pesa zinavyotoka. Mkopo wa mbegu za kabichi na viazi unarudi, hata kama umechelewa kwa sababu bei ya Soni imeanguka. Fedha za mfuko wa jamii ndizo zinazotoka usiku: mama amebebwa kwa machela kutoka kitongojini, mvua za masika zimekata barabara, gari la kukodi linadai fedha taslimu, na hospitali iko Bumbuli au Lushoto mjini. Mara nyingi mama huyo si msichana wa mimba ya kwanza. Ni mwenzetu wa miaka arobaini na kitu, mimba ya sita au ya saba, ambaye mwenyewe alikuwa amekwisha kusema amefunga mlango. Katika kijiji changu kuna nyumba zenye kitindamimba watatu. Tunacheka, lakini mkunga hacheki. Mama aliyezaa mara tano au zaidi, kizazi chake kimechoka, kinaweza kushindwa kujikaza baada ya mtoto kutoka, na damu ikamwagika kuliko kasi ya gari lolote linaloshuka mlima huu.

Zamani huduma hii tukiiita uzazi wa majira. UMATI walianza kazi mwaka 1959, kabla hata ya Uhuru. Serikali ikaanzisha mpango wa taifa mwaka 1989, na miaka ya 1990 nyota ya kijani ikabandikwa kwenye milango ya zahanati. Utafiti wa taifa wa 1991/92 ulikuta wanawake walioolewa wanaotumia njia za kisasa ni kama 7 tu katika kila 100. Ule wa 2022 ulikuta 31. Tumepiga hatua. Lakini wengi kati ya hao 31 wanatumia sindano na vijiti, na waliochagua lupu ni wachache mno, mmoja mmoja. Sidhani ni kwa sababu lupu ni mbaya. Nadhani ni kwa sababu ya maneno.

Nisieleweke vibaya. Sindano na vijiti vimesaidia wanawake wengi, na kijiti ni miongoni mwa njia zisizokosea kabisa. Mwenye kukubaliana navyo aendelee kwa amani. Lakini wapo ambao presha yao iko juu na daktari amewakataza vidonge vile vya kawaida. Yupo aliyewahi kuugua saratani ya titi, huyo vichocheo havimfai. Yupo ambaye sindano ilimletea matone ya damu yasiyoisha, mara tatu kwa mwezi anauliza kama swala yake inasihi. Na yupo ambaye hana ugonjwa wowote, ila hapendi tu. Huyo wa mwisho anastahili kusikilizwa sawa na wengine. Tena fikirini mama wa Mtae au wa Rangwi, kila miezi mitatu aache shamba ashuke kufuata sindano, akikuta imekwisha arudi wiki ijayo. Aliyemaliza kuzaa ataifanya safari hiyo mara ngapi kabla ya kukoma hedhi? Mara sitini.

Sasa hebu tuitazame lupu yenyewe. Nimekuja nayo moja ya kufundishia, ipite mkono kwa mkono, anzeni upande wa akina mama wakwe. Mnaona? Ni kijiti cha plastiki laini chenye umbo la herufi T, urefu wake sentimita tatu na nusu hivi, kimezungushiwa uzi wa shaba na mabegani kina vipete vya shaba. Mkiani kuna nyuzi mbili nyembamba. Basi, ndiyo hiyo tu. Wengine huiita kitanzi. Jina la lupu limetoka kwenye kifaa cha zamani cha plastiki kilichopindwapindwa kama nyoka, alichokibuni Dk. Jack Lippes wa Marekani, kikaanza kutumika mwaka 1962. Hicho hakikuwa na shaba. Shaba iliongezwa baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya Dk. Jaime Zipper wa Chile kugundua kwamba inazuia mimba, na Dk. Howard Tatum akatoa hilo umbo la T.

Inafanyaje kazi? Shaba hutoa chembechembe ndogo sana ndani ya kizazi, na mbegu za mwanaume hazivumilii shaba. Zinalegea, zinakufa, hazilifikii yai. Haiendi kwenye damu kubadili mwili, haigusi maziwa ya anayenyonyesha, haizuii yai kupevuka. Kwa hiyo hedhi inaendelea kuja mwezi kwa mwezi, na wanaoamini kwamba damu isipotoka inageuka ugonjwa tumboni hawatakuwa na hofu hiyo. Wanawake 100 wakiitumia mwaka mzima, hata mmoja kamili hapati mimba. Wakiitumia miaka kumi, watakaopata ni kama wawili. Imeruhusiwa kukaa miaka kumi, na tafiti zimeonyesha inafika kumi na miwili. Tena, katika miongozo ya baadhi ya nchi, Uingereza mojawapo, mwanamke aliyewekewa akiwa na miaka 40 au zaidi huachwa nayo mpaka akome hedhi. Mara moja tu, basi.

Mimi mwenyewe niliwekewa nikiwa na miaka 36, mtoto wa nne akiwa na miezi mitano. Nilikuwa nimewawekea wenzangu wengi, lakini kulala upande ule wa kitanda ni jambo jingine! Muuguzi alinipima kwanza kwa mikono, akapitisha kifaa cha kupima kina cha kizazi, hapo nikasikia tumbo limekamatwa kama uchungu wa hedhi mkali. Nikahesabu pumzi. Kabla sijafika hamsini akasema tayari, akakata nyuzi. Nilikaa nusu saa kwa kuwa kichwa kilikuwa chepesi, nikanywa chai, nikarudi nyumbani kwa miguu. Nilikaa nayo miaka kumi na miwili. Ilipotolewa, ilikuwa kuvuta nyuzi tu, kikohozi kimoja.

Na gharama yake niitaje, maana anayewauzia ng'ombe bila kuwaonyesha kwato si mkweli. Miezi mitatu hadi sita ya mwanzo hedhi huongezeka. Siku zinakuwa nyingi, damu nzito, na tumbo linauma zaidi. Mimi siku nne zilikuwa saba. Kwa wengi hali inatulia, kwa wachache haitulii, na hao waitoe. Brufeni inasaidia maumivu na hata damu inapungua kidogo. Mwenye upungufu wa damu aseme mapema, apimwe, atibiwe. Na hapa nina neno na sisi watu wa milimani: mboga tunalima sisi, malori yanateremka Mombo yamejaa, halafu mama aliyezilima anakula ugali na kachumbari. Mchicha na mnavu, maharage na dagaa, vibaki nyumbani kidogo.

Wapo wasioruhusiwa lupu, au si kwa wakati huo. Mwenye mimba. Mwenye damu inayotoka ukeni bila sababu kujulikana, mpaka achunguzwe. Mwenye saratani ya mlango wa kizazi ambayo bado haijatibiwa. Mwenye maambukizi ya nyonga, au kisonono na magonjwa ya namna hiyo, atibiwe kwanza, yeye na mumewe. Lupu haizuii UKIMWI wala ugonjwa wowote wa zinaa. Asiyeamini safari za mwenzake atumie kondomu juu ya hiyo lupu.

Sasa maneno. Nimeyakusanya kisimani na kwenye gari la Lukozi.

Ati lupu inapanda hadi moyoni. Kizazi ni mfuko, juu yake hakuna barabara ya kwenda moyoni. Mara chache sana, kama mara moja katika kila elfu au zaidi kidogo wakati wa kuiweka, inaweza kutoboa ukuta wa kizazi, na ndiyo maana iwekwe na aliyefundishwa, si na jirani. Ati inamchoma mwanaume. Nyuzi ni laini, zikimsumbua zinafupishwa. Ati mtoto atazaliwa ameishika mkononi. Mtoto hukaa ndani ya mfuko wake wa maji na lupu iko nje ya mfuko huo. Ati inaleta saratani. Hailetei saratani, na tafiti nyingi zimekuta wanaoitumia hawaugui saratani ya mlango wa kizazi zaidi ya wengine, bali pungufu.

Na hili la kwetu hasa: ati ukibeba mzigo wa karoti kichwani, ukateremka nao mpaka barabarani, lupu inadondoka. Kweli lupu inaweza kutoka yenyewe, hutokea kwa wanawake wachache katika kila mia, zaidi mwaka wa kwanza na zaidi kwa waliowekewa mara tu baada ya kujifungua. Lakini anayeisukuma ni kizazi chenyewe kinapojikaza, siyo karoti. Baada ya hedhi nawa mikono, ingiza kidole, zitafute nyuzi. Ukizikuta, chukua mzigo wako uende zako. Usipozikuta, au ukigusa kitu kigumu, nenda zahanati, na wakati huo tumia kondomu.

Hofu nyingine, lakini, ina asili yake na sitaidharau. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 huko Marekani kulikuwa na kifaa kilichoitwa Dalkon Shield. Uzi wake haukuwa kama huu mnaoushika, ulikuwa nyuzi nyingi zilizosokotwa pamoja ndani ya ala, na vijidudu vikapanda humo kama maji yanavyopanda kwenye utambi wa kandili. Wanawake waliugua vibaya, wengine wakapoteza uwezo wa kuzaa, wengine wakafa. Kikaacha kuuzwa huko mwaka 1974. Habari ile ilizunguka dunia ikazifikia lupu zote, nzuri na mbaya. Lupu ya leo ina uzi mmoja usiosokotwa, na hatari ya maambukizi ni ndogo, ipo hasa katika wiki tatu za kwanza baada ya kuwekewa. Homa, uchafu wenye harufu, maumivu makali ya chini ya tumbo katika siku hizo: usisubiri siku ya soko, nenda.

Njia ya pili ni ile tunayoiita kufunga kizazi. Jina hili limeharibu mambo. Kizazi hakifungwi wala hakitolewi. Kinachofungwa ni mirija miwili inayopitisha yai, na hedhi inaendelea kama kawaida, na hamu ya tendo haiondoki. Daktari anachanja sehemu ndogo juu kidogo ya mfupa wa kinena, kwa ganzi ya mahali hapo tu, mama yuko macho anaongea. Kama ni siku chache baada ya kujifungua, anachanja chini ya kitovu. Unarudi nyumbani siku hiyo hiyo, unapumzika siku mbili tatu, na wiki nzima hubebi kuni wala ndoo. Mawifi, hapo ndipo tunapowahitaji! Kazi yake inaanza mara moja. Inazuia mimba karibu sawa na lupu.

Tofauti ni kwamba hakuna kurudi. Upasuaji wa kufungua ni mgumu, ni ghali, na mara nyingi haufanikiwi. Kwa hiyo hapa nitasema maoni yangu, mnaweza kuyakataa. Utafiti mkubwa wa Marekani uliwafuatilia wanawake waliofunga mirija kwa miaka 14. Waliofunga wakiwa na miaka 30 au chini yake, watano wao mmoja alikuja kujutia. Waliofunga baada ya 30 walikuwa kama 6 tu katika 100. Najua mama aliyefunga akiwa na miaka 27 na watoto wanne. Mume akafariki kwa ajali, akaolewa tena, na mume mpya hakuwa na mtoto. Huyo mama hakukosea kuhesabu, maisha ndiyo yaliyobadilika. Kwa hiyo aliye chini ya miaka 30, hata kama ana uhakika kama jiwe la Irente, mimi namwambia aanze na lupu. Inafanya kazi ile ile, na mlango unaufunga ukiwa na ufunguo mfukoni. Aliyefika 38 au 40, akipenda kufunga, afunge na alale usingizi.

Njia ya tatu wenye nayo ni nyie mnaokaa nyuma kule na kofia zenu. Msitoke nje! Mwanaume akifungwa, mirija miwili inayopitisha mbegu inakatwa. Ni kazi ya dakika kumi na tano au ishirini, kwa ganzi, kwa tundu dogo bila kisu kirefu, ufundi ulioanzia China mwaka 1974. Ni rahisi na salama kuliko kumpasua mama tumbo. Hakuhasiwi mtu. Maksai wa kulimia hutolewa au huvunjwa kilekile kinacholeta nguvu za dume. Mwanaume aliyefungwa vyote vyake viko mahali pake, ndevu zinaota, nguvu ziko palepale, na hata maji hutoka kama mwanzo, ila hayana mbegu. Sharti ni moja: miezi mitatu ya kwanza mbegu za zamani bado zimo njiani, mtumie kinga nyingine, kisha akapimwe. Mabwana wengine wamekimbilia ugomvi wa nyumbani kwa kutokujua hilo. Mkoani Kigoma watafiti waliwahi kuwauliza wanaume waliokubali. Kazi yao ilichapishwa mwaka 2007. Ugumu wa maisha na mazungumzo na wake zao ndivyo vilivyokuwa mbele katika majibu.

Kalenda na shanga za kuhesabu siku nazo hazina vichocheo, na ndugu zetu Wakatoliki Kanisa lao limewaelekeza huko. Zinahitaji hedhi inayokuja kwa mpangilio na mume anayesikia neno "leo hapana". Mwanamke wa miaka 45, ambaye hedhi yake imeanza kurukaruka, zitamdanganya. Kwa upande wa Waislamu, masheikh wengi hawaoni tatizo kwa njia inayoondolewa, lakini kufunga moja kwa moja wanakukataza isipokuwa kwa dharura ya afya. Sheikh yupo hapa, mumwulize yeye, si mimi. Ila nimewaona akina mama wengi wa Kiislamu wakituliza moyo kwa lupu kwa sababu hiyo.

Nilikuwa nimalize hapa, lakini kuna jambo linanikaa kooni.

Wazee wetu wanakumbuka matuta. Miaka ya 1950 Mwingereza aliamuru kila kaya ya Usambara ikate matuta mashambani ili kuzuia mmomonyoko, na asiyekata alishtakiwa. Jembe lile lilikuwa mikononi mwa wanawake zaidi kuliko wanaume. Watu wakakataa, Mlalo mpaka Vuga, na mwishoni mwa miaka hiyo mpango ukaachwa. Udongo ulikuwa unaondoka kweli! Shida haikuwa uongo, shida ilikuwa amri. Kisha miaka ya 1980 ukaja mradi wa SECAP, ukasema pandeni majani ya gwatemala kwenye kingo, ng'ombe watakula. Leo nani hana mstari wa gwatemala?

Nayasema haya kwa sababu mbili. Kwanza, Septemba 2018, akiwa mkoani Simiyu, Rais wa wakati ule Dk. John Magufuli aliwaambia watu waache uzazi wa mpango, kwamba wana mashamba na mifugo ya kutosha kulisha watoto. Mwezi uleule Wizara ikasimamisha matangazo ya uzazi wa mpango redioni na kwenye televisheni. Huduma yenyewe haikufungwa, lakini wapo akina mama waliodhani imefungwa. Kwa heshima zote kwa marehemu, ardhi ya Meatu siyo ardhi ya Mlalo. Huku eka moja ya mteremko imegawanywa kwa wana watano, na kila mmoja ana vijana wanaongoja.

Pili, na hili linatuhusu sisi watumishi wa afya. Mwanamke aliyelazimishwa lupu ni sawa na aliyelazimishwa tuta. Zamani nilifanya kazi mahali ambapo mama alikuja mara tatu kuomba itolewe, damu ilikuwa nyingi, na mara tatu akarudishwa kwa maneno: vumilia, itazoea, unaharibu hesabu yetu. Mara ya nne aliizungushia nyuzi kidoleni akaivuta mwenyewe nyumbani. Mwaka uliofuata alikuwa na mimba, na katika kitongoji chake chote hakuna aliyekubali lupu tena. Hakuwa na kosa. Ukisema itolewe, itolewe siku hiyo, na hulazimiki kujieleza. Vivyo hivyo karatasi ya ridhaa ya kufunga mirija unasaini wewe, baada ya kuelezwa na kuelewa. Kuongea na mume ni busara, na nyumba nyingi zinatulia hivyo. Lakini mama mkwe, mwenyekiti wa kitongoji, wala mimi mkunga, hatusaini.

Mambo ya kufanya. Huduma hizi katika vituo vya Serikali ni bure, anayedai fedha muulize risiti. Piga simu kwanza uhakikishe kwamba siku hiyo mtaalamu wa kuweka lupu yupo, usipande gari kwa kubahatisha. Nenda na kadi yako ya kliniki. Kama unakaribia kujifungua, sema mapema, kwa sababu lupu inaweza kuwekwa ndani ya saa 48 baada ya mtoto kutoka. Ukipitisha hapo unangoja wiki nne. Ukiwa na lupu au umefunga, halafu hedhi ikakosekana na tumbo linauma upande mmoja, kimbia hospitali, maana mimba ya namna hiyo, ingawa ni nadra, inaweza kuwa nje ya kizazi. Na aliye na miaka 50 kushuka juu asiwahi kuitoa: ngoja mwaka mzima bila hedhi. Kama hujafika 50, ngoja miaka miwili.

Katibu ananionyesha saa. Ile lupu ya mfano imefika wapi? Naona bado iko kwa akina baba. Baada ya chakula nitakuwa chini ya mparachichi nyuma ya ukumbi, na muuguzi wa zahanati amekubali kukaa nami mpaka saa kumi. Aje mmoja mmoja, au na mumewe.